Elfu 150, prosesa moja na daftari la mke wangu

Msomaji, nianze na swali la kizushi kidogo. Hivi hapo nyumbani kwako kuna vitu vingapi ambavyo mwenzio anaamini vilinunuliwa kwa bei fulani, kumbe bei yenyewe ni nyingine kabisa? Usijibu kwa sauti. Huenda yuko hapo pembeni anapindua kurasa pamoja na wewe.

Mimi nilikuwa nacho kimoja. Kadi ya grafiki ya kompyuta, GTX 1050 Ti, niliyoinunua mwaka 2023 kwa shilingi 290,000. Mke wangu nilimwambia nimeipata kwa 90,000 kwa jamaa anayehama mji. Nikaongeza na masikitiko kidogo, eti jamaa ana shida ya nauli, nimemsaidia tu. Uongo huo uliishi miezi minne, ukala na kulala pale ndani kama ndugu wa kijijini, mpaka siku aliposhika simu yangu kutafuta namba ya fundi maji akakutana na meseji ya muamala.

Hakupiga kelele. Ningefurahi sana kama angepiga kelele! Alichukua daftari lake la matumizi, lile lenye jalada gumu jekundu, akaandika tarehe, akaandika "Baba, kompyuta, 290,000", akalifunga. Wiki mbili nilipikiwa, nilisalimiwa, niliwekewa maji ya kuoga. Siku ya kumi na tano ndipo akaniuliza, tena kwa upole, "Ungeniambia laki mbili na tisini ningekukatalia. Basi. Ungekataliwa tu, ungekufa?"

Kinachonitia aibu zaidi ni kazi yangu. Mimi ni afisa mikopo. Kila siku ya Mungu nakaa mbele ya mtu anayetaka hela, na moja ya maswali yangu ni hili: mwenza wako anajua? Dhamana ikiwa ni nyumba wanayoishi, wala si hiari yangu kuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mmoja hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimewarudisha makwao wanaume wenye mvi wakatafute sahihi ya mama watoto. Halafu jioni napanda daladala kwenda Buswelu nikiwa na uongo wa laki mbili moyoni, nimetulia kama shemasi.

Kwa wasioijua Mwanza, Buswelu ndiyo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela. Huku hatuko pale ziwani kwenye picha za kalenda, tuko juu, ndani ndani, mawe na nyumba mpya zikigombania nafasi. Kila mtu anajenga. Mtu akikuuliza umefikia wapi hakuulizi safari, anakuuliza kama uko kwenye msingi, kwenye linta au unapaua. Sisi tulikuwa tumefikia linta na tumekwama hapo. Tumepanga vyumba viwili jirani na kiwanja chetu, na kila asubuhi nikitoka naziona kuta zangu zimesimama hazina kofia. Kwa hiyo elewa, msomaji: kila shilingi niliyoificha ilikuwa na jina. Iliitwa bati.

Sasa tuje kwenye kompyuta yenyewe.

Ni Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama, mtumba wa ofisini. Hizi zinakuja nchini kwa wingi baada ya maofisi ya huko nje kuzichoka. Yangu ilikuwa na prosesa ya Core i3-3220, kitu cha mwaka 2012. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu haina neno. Lakini mimi, baada ya mtoto kulala saa mbili, nilikuwa naingia kwenye GTA V. Wengine wana baa, wengine wana vijiwe vya bao. Mimi nina mji wa Los Santos, siutoki nje ya chumba na siulizwi nimerudi saa ngapi. Raha ilianza kuharibika kila nilipoingia katikati ya mji ule na gari. Picha inakwama. Gari linaruka mbele kama limeng'atwa na nyuki, halafu inakwama tena. Kadi ya laki mbili na tisini ipo, na bado inakwama! Nikawaza, hivi ule uongo wote niliudanganyia nini?

Nikafanya hesabu ya kompyuta mpya ya kueleweka, nikapata 1,400,000. Safari hii nikaipeleka mezani wazi, kiroho safi, nimeiandika kwenye karatasi. Mke wangu akaitazama. Akachukua kikokotoo. "Bati tumepewa elfu 28," akasema. "Hizi ni bati 50." Akanirudishia karatasi yangu.

Nilidhani mjadala umefungwa. Lakini kesho yake, wakati namsindikiza kituoni (anafanya kazi kwenye duka la dawa huko Nyakato), akaniambia: "Nakupa elfu 150. Zikiisha zimeisha. Kila kitu kwenye daftari. Ila kwanza nionyeshe kinachoumwa. Mimi siuzi dawa kwa mtu asiyejua kinachomuuma."

Mtu anaweza kucheka, lakini hakuna fundi aliyewahi kunipa ushauri wa kompyuta mzuri kuliko huo. Mwaka 2023 mimi ndivyo nilivyofanya: niliona gemu linakwama, nikasikia vijana wanasema kadi, nikakimbilia kadi. Sikupima chochote.

Safari hii nilipima. Nilifungua gemu, nikaendesha gari mjini, pembeni nimewasha Task Manager, na mama watoto nimemkalisha kwenye stuli awe shahidi. Prosesa ilikuwa imegonga asilimia 100 na imeganda hapohapo. Kadi ya grafiki? Asilimia 45. Yaani ile kadi niliyoifanyia dhambi ilikuwa inafanya kazi nusu, nusu nyingine imekaa inasubiri. Ni kama kwa mama ntilie: una wahudumu wanne wepesi wa kupeleka sahani mezani, lakini jikoni kuna wapishi wawili. Wahudumu watafanya nini? Watasimama mlangoni na sinia tupu. Ile i3 ndiyo wapishi wawili. Kila mmoja anaweza kushika sufuria mbili kwa wakati mmoja, lakini watu wenyewe bado ni wawili. Na gemu kama GTA V, lenye magari, wapita njia na polisi wote wanaotakiwa kufikiriwa kila sekunde, linamaliza jiko kwanza.

"Kwa hiyo tatizo siyo ile ya laki mbili na tisini," akasema.

"Siyo yenyewe."

"Na wewe ulinunua ile kwanza."

Nikanyamaza. Kuna maswali ambayo mwanaume mwenye akili hayajibu.

Ukiwa na elfu 150, swali siyo prosesa ipi ni kali duniani. Swali ni ubao wako, yaani mazabodi, unakubali nini. Ukitaka ya kisasa kweli, inakuja na mazabodi yake, na mazabodi inadai ramu ya DDR4 au DDR5 wakati zangu ni DDR3, na ukishafika hapo umenunua kompyuta nyingine bila kujijua. Soketi ya OptiPlex 7010 inaitwa LGA 1155. Humo zinaingia Core za kizazi cha pili na cha tatu. Na ya juu kabisa ambayo Dell waliiweka wenyewe kwenye mashine hii ni Core i7-3770: wapishi wanne, kila mmoja sufuria mbili, mwendo wa 3.4 GHz ikipanda hadi 3.9. Ipo pia i5-3470, wapishi wanne wa sufuria mojamoja, na hiyo ndiyo waliyoitaja watengenezaji wa GTA V kama prosesa inayopendekezwa gemu lilipotoka kwa kompyuta Aprili 2015. Ingetosha kabisa kwa gemu hilo. Lakini hii ndiyo ngazi ya mwisho ya soketi yangu, hakuna pengine pa kupanda, nikaona nipande mpaka juu nimalizane nayo.

Umeme je? Kabla sijaulizwa nilikuwa na jibu. Pawasaplai ya hii ndefu ni wati 275. i3 ilikuwa inahesabiwa wati 55, i7 ni 77, na kadi yangu ni 75 bila waya wa ziada. Bado panapumua.

Kuna ukweli mwingine ambao niliusema mezani ingawa ulikuwa unaniharibia dili. Windows 10 iliisha muda wake wa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane. i7-3770 ni cha tatu. Maana yake nilikuwa naomba hela ya kumnunulia mzee viatu vipya. Mke wangu akauliza kama nitafanyia mambo ya benki humo, nikamwambia hapana, hayo yako kwenye simu. "Basi ni mchezo tu," akasema. "Mchezo wa elfu 150 sawa. Mchezo wa milioni ndiyo sikubali."

Mjini kwetu nilizunguka Jumamosi nzima. Kompyuta nzima zipo, prosesa peke yake kila mtu anakwambia njoo wiki ijayo. Rafiki akanipa namba ya kijana wa Kariakoo anayefungua hizi mashine za mtumba na kuuza vipuri. Nikampigia. Na hapa, msomaji, ndipo mtaalamu nilipojikwaa. Nilimwambia, "Kaka, nataka i7 ile ya 3.4." Akasema ipo, 110,000, na kutuma elfu 10. Nikalipa, meseji ya muamala nikamwonyesha mama watoto palepale kabla hajaomba. Nilijisikia malaika.

Mzigo ulisafiri kwa basi, zaidi ya kilometa 1,100, nikaufuata stendi ya Nyamhongolo. Nikanunua na dawa ya kupoza prosesa, ile pesti ya kijivu, elfu 8. Usiku, mtoto kalala, nikafungua kompyuta. Vumbi lililotoka humo ungeweza kuanzisha bustani! Pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Nikasafisha kwa brashi, nikatoa i3, nikashika i7 kwa kingo zake, nikaishusha.

Haikukaa.

Nikaigeuza. Haikukaa. Prosesa hizi zina vijipengo pembeni vinavyotakiwa kulingana na vinundu vya soketi, na vyangu vilikuwa vinapishana kidogo tu, kidogo cha kukutia wazimu. Mkono ukataka kusukuma. Nashukuru sikusukuma, kwa sababu kwenye Intel hizi pini ziko kwenye soketi, siyo kwenye prosesa. Ukizipinda umeua mazabodi. Nikasogeza taa, nikasoma maandishi mgongoni. i7-4770.

Nikachoka mwenyewe. i7-4770 ni ya mwaka 2013, kizazi cha nne, soketi yake ni LGA 1150. Na mwendo wake? 3.4 hadi 3.9. Namba zilezile! Kijana hakunidhulumu. Niliomba i7 ya 3.4 akanipa i7 ya 3.4. Ningetaja namba nzima, elfu tatu mia saba na sabini, ile tatu ya mbele ndiyo ingemwambia kizazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyebania tarakimu.

Mlango ukafunguka kidogo. "Imekaa?"

"Imekaa," nikasema. "Namalizia."

Mlango ukafungwa.

Sijui kama umewahi kusikia mdomo wako ukitoa kitu kabla hujaulizwa maoni. Nilikaa pale sakafuni na bisibisi mkononi. Akili ilishapanga mpango mzima: nimkope elfu 30 mwenzangu wa ofisini, nirudishe hii kimyakimya, nipate nyingine, wiki moja tu, na wiki hiyo niseme nasubiri programu ijipange. Simu nilishaishika. Jina la mwenzangu lilishatokea kwenye kioo. Na mbele yangu, kwenye hiyo kompyuta iliyofunguliwa mbavu, imekaa ile kadi ya 290,000 inanitazama.

Zilipita kama dakika tano. Nikaenda chumbani.

"Mama."

"Abee."

"Haijakaa."

"Nini?"

"Prosesa. Nimeagiza siyo. Kosa langu, sikutaja namba."

Akakaa kitandani. Akatazama saa ya simu yake, kweli kabisa, aliangalia saa. "Kwa hiyo hapo katikati ulikuwa unanidanganya."

"Ndiyo."

"Dakika tano," akasema. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha kuziba mdomo ili mtoto asiamke. "Afadhali. Mara ya mwisho ilikuwa miezi minne."

Kesho yake asubuhi tulimpigia kijana pamoja, simu iko juu ya meza, sauti nje. Nikamweleza kosa ni langu. Akasema, "Hakuna noma kaka, irudishe, 3770 ninayo, tutabadilishana hivyohivyo. Ila nauli ya mzigo kwenda na kurudi ni yako." Mke wangu akaingilia: "Shemeji, na hiyo 3770 uipige picha mgongoni tuione namba kabla hujaifunga." Picha ikaja dakika kumi baadaye. Tukaisoma wote wawili, tarakimu moja moja, kama tunasoma namba ya luku.

Siku nne. Nikaenda tena Nyamhongolo, nikarudi, nikaishusha kwenye soketi na ikakaa bila kuombwa, kama mtu anayejua kiti chake. Pesti kiasi cha punje ya mchele katikati, feni juu, waya, nikawasha. Kwa kuwa zote mbili ni za kizazi kimoja mashine haikulalamika, iliitambua palepale. Nikarudia kipimo kilekile, barabara zilezile za mji, shahidi yuleyule kwenye stuli. Zamani nilikuwa napata picha kama 35 kwa sekunde, nikifika katikati ya mji zinaanguka hadi 15. Sasa 60, na pabaya kabisa 48. Kadi ya grafiki ikapanda hadi asilimia 90 na kitu. Mke wangu akainyooshea kidole. "Leo ndiyo imeanza kulipa deni."

Kisha likafunguliwa daftari. Prosesa 110,000. Mzigo wa kwanza 10,000. Pesti 8,000. Kurudisha na kuletewa tena 20,000. Nikasema jumla 148,000, imebaki elfu mbili, nani kama mimi?

"Na bodaboda za kwenda Nyamhongolo?"

Bodaboda nilikuwa nimelipa mfukoni, nikaona hazihusu. Nikataja: safari tatu, kwenda kupokea, kwenda kurudisha, kwenda kupokea tena. Elfu 6. Akaandika. 154,000. "Umezidisha elfu nne," akasema, na akapiga mstari chini kwa kalamu nyekundu ambayo sijui huwa anaitoa wapi. Bahati nzuri ile i3 ya zamani niliiuza elfu 20 kwa kijana mwenye sehemu ya kutoa kopi hapa Buswelu. Kompyuta yake ilikuwa na Celeron ya soketi hiyohiyo, kwake i3 ni sherehe. Alinilipa mkononi nikaenda moja kwa moja nyumbani, elfu 20 nzima nikaiweka juu ya daftari. Elfu nne zikafidia. Elfu 16 zikahamia ukurasa wa nyuma, ule ulioandikwa BATI.

Wiki iliyofuata nilitoka kuoga nikamkuta kakaa kwenye kiti changu, ameshika vidhibiti. Kumbuka huyu zamani za uchumba alikuwa ananifunga mpira wa PlayStation kwenye kibanda cha gemu Kirumba mbele za watu, tena ananichekea. Baada ya mtoto aliacha, nikadhani hapendi tena. Kumbe hakuna aliyemkaribisha. Alikuwa anaendesha gari katikati ya Los Santos, taratibu, mstari wake, amefika kwenye taa nyekundu na amesimama. Magari nyuma yanapiga honi, mtu anatukana dirishani.

"Pita tu," nikamwambia. "Huku hakuna anayesimama."

"Nyekundu hiyo," akasema, macho mbele. "Wewe kaa hapo kwenye stuli."